Matairi ya Harusi ya Absalom Oduor

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Vuta kiti, ongeza sauti kidogo, maana huyu wa leo hasimuliwi kwa kunong'ona. Leo tunamkumbuka Absalom Oduor. Absalom Oduor, dereva wa pikapu ya samaki, aliyefariki mwezi huu wa Mei, 1979, baada ya kuugua kifua. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Kama umewahi kununua samaki wale wa ngege katika soko la Kibuye asubuhi, basi umekula kazi ya mikono yake. Kila siku, isipokuwa Jumapili, Absalom alitoka Luanda Kotieno, kando ya ziwa, na samaki, akaja Kisumu. Miaka kumi na saba. Na katika miaka hiyo yote, jambo lililomkosesha usingizi halikuwa injini, wala breki. Lilikuwa matairi.

Matairi, wasikilizaji! Mbele alifunga ya mistari, ili usukani umtii. Nyuma alifunga membamba yenye meno marefu, ya kuchimba tope mpaka yaguse ardhi ngumu. Kwenye lami meno hayo yaliunguruma hata watu wa mtaa wa Obunga wakajua Absalom anapita. Yalikunywa petroli. Yaliisha upesi. Mvua ikinyesha kwenye lami, ilibidi aanze kukanyaga breki mapema kuliko wenzake. Hayo yote aliyajua, akayakubali, kwa sababu ya udongo mweusi wa kule ziwani. Udongo ule ukilowa hauna urafiki na mtu.

Madereva wa mjini walimcheka. "Omera, hii gari yako imevaa gambuti!" Naye alijibu, "Nyinyi mnavaa viatu ya kanisa mkienda shamba."

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu huyu, mwalimu wa matairi, siku moja alisahau somo lake mwenyewe. Na alichagua siku gani? Siku ya harusi yake!

Ilikuwa Aprili, 1966. Absalom alikuwa anamwoa Dorca, binti wa mvuvi wa karibu na Luanda Kotieno. Mzee Ochieng, baba yake Dorca, hakuwa amemkubali kwa moyo mmoja. Alikuwa amesema wazi, mbele ya wageni, "Dereva? Dereva analala mahali gari imelala." Maneno hayo yalimkaa Absalom rohoni. Akaapa kwamba siku ya harusi atafika kwa mkwe wake akimetameta.

Ijumaa alikwenda Kibuye, kwa rafiki yake Zachariah, mfanyabiashara wa matairi aliyehamia Kisumu kutoka Murang'a. Pale kulikuwa na matairi manne mapya. Mapana, laini, na ubavuni yana mkanda mweupe kama soksi za watoto wa shule. Absalom akayapenda papo hapo.

Zachariah mwenyewe ametuambia hivi: "Nilimwambia, Bwana Absalom, hii ni ya lami, na mawingu unaona. Akasema, Zachariah, kesho mimi si dereva, mimi ni bwana harusi. Sasa mimi nifanye nini? Nikachukua spana."

Matairi ya meno yakabaki Kibuye, yameegemezwa ukutani. Absalom akaondoka na soksi nyeupe. Na ukweli usemwe, alifurahi! Gari lilikuwa kimya kwenye lami. Liliteleza vizuri, halikutikisika, na usukani ulikuwa mwepesi mikononi. Aliimba njia nzima.

Usiku huo mvua ikanyesha.

Jumamosi asubuhi akamchukua bibi harusi nyumbani kwao. Dorca alikaa katikati, na gauni lake jeupe. Mzee Ochieng alikaa dirishani, na saa yake ya mkono. Nyuma walipanda akina mama saba wa kwaya, pamoja na sanduku la Dorca lililofungwa kwa kamba. Kutoka pale hadi kanisani ni maili tano. Mchungaji alikuwa amesema atangoja mpaka saa sita kamili, si zaidi, kwa sababu baada ya ndoa ilimlazimu kuiwahi boti ya kwenda Mbita. Akivuka, hatarudi mpaka Desemba. Saa sita kamili, wasikilizaji. Likumbukeni hilo.

Saa tano na nusu, katika bonde la udongo mweusi, pikapu ikasimama.

Absalom akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, gari lisisogee hata hatua. Akashuka, akainama, akaona aibu yake. Tope lilikuwa limejaza vistari vyote vya matairi yale mapana. Hakukuwa na cha kushika ardhi tena, ni mviringo mtupu wa tope. Soksi nyeupe hazikuonekana.

Mzee Ochieng akatazama saa. "Ikipita saa sita, mimi narudi na mtoto yangu nyumbani. Desemba tutaongea upya."

Jamani! Hebu jiweke pale. Suti mpya, tope mpaka magotini, na mkwe anahesabu dakika. Absalom alitamani ardhi immeze, na ardhi yenyewe ilikuwa tayari imeanza na gari.

Hapo ndipo Dorca alipofungua kinywa. Anasema mwenyewe: "Nikamwambia, Absalom, wacha kulia na hiyo tairi. Baba akivuta mtumbwi kwa tope, si anaweka kamba chini ili miguu isiteleze? Hapo nyuma kuna kamba ya wavu imefunga sanduku yangu. Fungua!"

Absalom akaruka! Sasa akili yote ilimrudia. Akayapunguza matairi ya nyuma upepo mpaka yakalala kidogo, yapate kushika mahali pakubwa. Akaikata kamba vipande viwili kwa panga. Akaipitisha kwenye matundu ya rimu, akalizungushia kila tairi, mara nne, mara tano, akakaza mafundo ya wavuni ambayo Dorca alimwonyesha akiwa amesimama topeni, gauni kakunja mpaka magotini. Kisha akawageukia akina mama wa kwaya. Gari linahitaji uzito juu ya magurudumu ya nyuma, akasema. Songeni huku, wote.

Mama Elsie, kiongozi wa kwaya, bado anacheka akikumbuka. "Yawa, hiyo ndiyo siku pekee mtu alinishukuru kwa unene! Tukasimama pamoja, tukashikana, tukaimba. Gari ikanguruma. Ikasogea. Sisi tukapiga kigelegele mpaka sauti ikaisha."

Ikasogea, wasikilizaji! Polepole, kamba zikikamata, tope likiruka hadi juu ya madigadi, ikapanda kutoka bondeni. Walifika kanisani saa sita kasoro dakika nne. Mchungaji alikuwa tayari amevaa koti; akalivua, akawafungisha ndoa.

Mzee Ochieng alishuka, akazunguka nyuma ya gari, akainama kuzitazama zile kamba kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Absalom, "Hii fundo ni yangu." Akamshika mkono. Tangu siku hiyo hakumwita dereva tena. Alimwita mwanangu.

Jumatatu Absalom alirudi Kibuye, akafunga meno yake. Zachariah alicheka tu. Na ile kamba? Absalom aliitundika ukutani, juu ya meza ya kulia. Kila dereva kijana aliyekuja kumwuliza habari za matairi, alimwonyesha kamba kwanza.

Jumamosi iliyopita tulimsindikiza Absalom nyumbani kwao. Mvua ilinyesha, na njia ya kuingia kwao ni udongo mweusi ule ule. Jamaa mmoja mwema alikuwa ameleta pikapu mpya ya kubeba jeneza. Mama Dorca, mjane wake, alitoka nje, akainama katika nguo zake za msiba, akayatazama matairi. Mapana. Laini. Akasema, "Absalom hatakwama mara ya pili." Jeneza likangoja. Zachariah, mzee sasa, akayaleta ya meno kutoka Kibuye, akayafunga kwa mikono yake huku akilia.

Kwa Mama Dorca, kwa watoto, kwa Zachariah na akina mama wa kwaya, poleni sana. Poleni kutoka moyoni. Mungu awatie nguvu.

Nasi wengine, kesho kabla ya kuwasha gari, tuiname kidogo. Tuangalie tumevaa nini miguuni, na tunakwenda njia gani.

Mama Dorca aliichukua ile kamba siku ya mazishi, akaishika mapajani njia nzima, tayari. Gari halikusimama hata mara moja. Kamba ilirudi nyumbani kavu, na sasa iko tena ukutani.