Verna Hlavaty na Mfuko wa Kura wa Brennan Heights

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi popote mlipo, jikoni, garini au kwenye zamu ya jioni. Leo tunamkumbuka Verna Hlavaty. Verna alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake, hapa hapa Brennan Heights, akiwa na miaka sabini na tisa. Wengi wenu mlimwona bila kumjua jina. Ni yule mama mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, aliyewapokea kwenye ukumbi wa zimamoto siku za kupiga kura. Ukibabaika na karatasi yako alikuwa anakwambia, "Polepole. Hakuna anayekufukuza."

Redio yetu ni ya kanisa, na hatutaji vyama kwa majina. Kwa hiyo nitasema chama cha Verna na chama cha Lois. Lois Eberhardt, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri, alikuwa mwenzake Verna kituoni. Bila Lois hatuwezi kumsimulia Verna.

Hapa kwetu, katika eneobunge la 38 la bunge la jimbo, kura za kila kituo hupelekwa ofisi ya kaunti na watu wawili. Ni lazima wawe wawili, na ni lazima wawe wa vyama viwili. Mmoja anaendesha gari, mwingine anapakata mfuko uliotiwa lakiri. Hawasimami njiani. Hakuna anayeachwa peke yake na mfuko. Verna aliendesha. Lois alipakata. Walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Verna aliletwa hapa akiwa bibi harusi. Mumewe, marehemu Andrew, alikuwa fundi wa kiwanda cha chuma. Upande wa pili wa barabara yao kulikuwa na mashamba ya kabichi. Kisha nyumba zikajaa mahali pa kabichi, zote za rangi moja, na eneobunge likazaliwa. Kiti kikaenda kwa daktari wa meno, Tengstrom, wa chama cha Lois. Tengstrom alikaa bungeni muda mrefu mpaka watu wakawa wanakwenda kung'olewa jino na hapo hapo wanaomba taa za barabarani, mdomo ukiwa umejaa pamba.

Chama cha Verna kilishindwa kila mara. Mara nne hakikupata hata mgombea. Mwaka mmoja kilimsimamisha mwenye biashara ya kuandaa mazishi, na usiku wa matokeo Lois, mfuko mapajani, alimgeukia Verna.

"Angalau safari hii mna mtu anayejua kuzika."

"Na nyie mna wa kung'oa," Verna akamjibu. "Tutaona nani ataisha kwanza."

Ndivyo walivyokuwa wakizungumza, wasikilizaji wapendwa. Wakifika ofisi ya kaunti wanakabidhi mfuko, wanarudi, wanakula pierogi za Verna, vile vipande vya unga vilivyojazwa viazi, jikoni kwake bila kuvua makoti.

Baadaye ikaja sheria ya ukomo wa vipindi, na Tengstrom akalazimika kuondoka. Kiwanda cha chuma kikafungwa. Watu wapya wakaja, wengine wao ni sisi. Bunge likachora mipaka upya, na mstari ukapita katikati ya mtaa wa Verna: yeye eneobunge la 38, jirani yake wa mbele eneobunge jingine. Walikopeshana ngazi na mashine ya kukatia majani, lakini hawakuwa tena na mbunge mmoja. Miaka kumi ikapita, mstari ukachorwa tena.

Hapo ndipo kiti kilipoanza kuyumba. Chama cha Verna kikashinda mara ya kwanza kabisa, kwa kura mia mbili. Baada ya miaka miwili kikanyang'anywa. Kadiri kura zilivyokaribiana, ndivyo watu walivyotengana. Mabango ya wagombea yalianza kuibwa mbele ya nyumba. Moja likachomwa moto likiwa bado limesimama kwenye bustani. Watu waliokuwa wakimsalimu Verna dukani wakaanza kutazama bei za maharage.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwisho. Simu zilianza mwezi wa tisa. Verna akipokea, hakuna anayesema. Mtu anapumua tu. Baadaye ikaja picha kwenye sanduku la barua. Ilikuwa picha ya mlango wake wa nyuma, haina neno lolote. Polisi walikuja, wakanywa kahawa, wakasema hakuna kosa katika kupiga picha mlango.

Bintiye, Paulette, anakumbuka. "Mama aliegemeza kiti kwenye mlango. Akawa anaoga mlango wa bafu ukiwa wazi ili asikie mtu akiingia. Nikamwambia, Mama, acha. Kuna watu wengine. Akasema, nitajie mmoja."

Sikilizeni vizuri, maana baadaye watu walimwita shujaa, na yeye hakulipenda neno hilo. Verna aliogopa. Aliogopa kila siku. Aliomba rozari akiwa amekaa ngazini kwa sababu pale aliona milango yote miwili.

Siku ya uchaguzi mvua ilinyesha. Ofisi iliwapa wafanyakazi wote makoti ya bluu yenye kofia. Kituoni alikuja mwanamume asiyejulikana, akasimama mbali, akawa anarekodi mikono ya Verna kwa simu. Vituo vilipofungwa, mfuko ukatiwa lakiri. Verna akaingia nyuma ya usukani. Lois akapakata. Pikapu ikawasha taa nyuma yao.

"Lois, ile gari imetoka na sisi zimamoto."

"Nimeiona."

"Pengine anakwenda kwao."

"Wewe endesha."

Wakipunguza, nayo inapunguza. Wakiongeza, nayo inaongeza. Karibu na daraja ikawasogelea mpaka taa zake zikajaa ndani ya gari lao, na Verna hakuona tena barabara. Akakata kona ghafla, akaingia kwenye maegesho ya kanisa lake, Mtakatifu Sirili, akazima injini. Akafungua mlango, akakimbia nyuma ya ukuta, akatapika.

Hilo ndilo kosa. Dereva hasimami. Mtu haachwi peke yake na mfuko. Verna alisimama, na alimwacha Lois peke yake na mfuko. Aliporudi, pikapu ilikuwa imeondoka. Mvua inapiga paa.

"Tutawaambia?" Lois akauliza.

Verna akasema kwamba wakiambiwa, kura za kituo kizima zinaweza kutupwa, za watu wote waliosimama mvuani tangu alfajiri.

"Basi hatusemi," Lois akasema.

Wakafika ofisini. Wakaulizwa kama safari ilikuwa salama. Wakasema ilikuwa salama. Na asubuhi matokeo yakatoka: mgombea wa chama cha Verna ameshinda eneobunge la 38 kwa kura arobaini na moja.

Kura arobaini na moja, wasikilizaji wapendwa. Waumini wa ibada yetu ya Jumatano ni wengi kuliko hao.

Siku ya tatu video ikaenea. Imepigwa kwa nyuma, kupitia kioo chenye mvua. Gari limesimama gizani kanisani. Taa ndogo ya ndani inawaka. Mtu mmoja tu, kofia ya bluu kichwani, ameinama juu ya mfuko, mabega yanacheza. Sauti inasema, tazameni, anabadilisha kura. Na jina likaandikwa chini: Verna Hlavaty.

Bodi ya uchaguzi ya kaunti ikaita kikao. Swali lilikuwa moja. Huyo aliyeinama ni nani, na anafanya nini? Verna hakuwa na shahidi wa kuonyesha kwamba alikuwa nyuma ya ukuta. Alikuwa na Lois tu. Na chama cha Lois ndicho kilichoshindwa. Na mwenyekiti wa chama hicho hapa Brennan Heights ni Craig Eberhardt, mtoto wa kwanza wa Lois.

Verna alimpigia Lois simu. Haikupokelewa. Akapiga tena jioni, na kesho yake. Jumamosi alimwona Lois akipita mtaani na gari lake. Halikupunguza mwendo. Wakili alikuwa amemwambia Lois asizungumze na Verna, lakini Verna hakulijua hilo.

Paulette anasema, "Mama hakuogopa jela. Alimwogopa Lois. Alikuwa anasema, kama Lois ataniruka, basi sijui nimeishi na nani miaka yote hii."

Lois mwenyewe amenisimulia yaliyotokea nyumbani kwake. Craig alikuja, akakaa mezani, akala keki ya tufaha, akafuta mdomo.

"Mama, sikuombi udanganye," akamwambia. "Sema tu hujui. Kulikuwa na giza, mvua, umezeeka, hukumbuki. Nani atakulaumu?"

"Na Verna?"

"Verna ana chama chake kitamtetea."

Lois aliosha sahani ile ile mara mbili.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa, na wengine walisimama ukutani wakiwa wamekunja mikono. Verna alikaa mbele. Miguu yake haikutulia, akaibana kwa mkoba. Lois akaingia na mwanawe, akakaa upande wa mwanawe. Hakumtazama Verna. Verna akafumba macho. Alimwambia Paulette baadaye kwamba hapo hakuweza hata kusali, maneno yote yalimkimbia.

Video ikaonyeshwa. Mwenyekiti wa bodi akauliza, "Bi Eberhardt, aliye kwenye picha hii ni nani?"

Lois alimtazama Craig. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mama anayetafuta uso wa mtoto katika uso wa mtu mzima.

"Ni mimi," akasema.



"Nilikuwa peke yangu na mfuko. Nilikuwa nimeulalia nasali Baba Yetu. Kila nikifika katikati nasahau, naanza upya. Hayo mabega mnayoyaona ni ya mtu anayelia."

"Bi Hlavaty alikuwa wapi?"

"Anatapika kwenye maua ya kanisa. Na mimi ningetapika, ila mfuko ulikuwa mapajani." Watu wawili watatu wakacheka. "Tulisimama, na hatukusema. Kosa hilo ni letu sote wawili, mtuadhibu sote wawili. Lakini lakiri hatukuigusa. Na yeyote aliyetufuata na ile pikapu anajua alichotaka. Alitaka tuogope. Tuliogopa."

Craig alitoka kabla kikao hakijaisha. Lakiri ikakaguliwa mbele ya wote, ikakutwa nzima. Kura zikahesabiwa kwa mkono. Tofauti ilikuwa ile ile, arobaini na moja. Wanawake wale wawili wakakaripiwa kwa kuvunja utaratibu, wakaruhusiwa kuendelea na kazi.

Ningependa kuwaambia kwamba hofu iliishia hapo. Haikuisha. Ilihamia kwa Lois. Simu zikaanza kulia nyumbani kwake. Sikukuu ya Shukrani, Craig na wajukuu hawakuja. Verna alisikia, akachukua chungu cha pierogi, akaendesha mwenyewe gizani, yeye aliyekuwa haendeshi tena gizani tangu usiku ule wa pikapu. Wakakaa jikoni, mapazia yamefungwa. Simu ikalia. Lois akasikiliza, akaikata.

"Nani?"

"Yule yule wako. Anapumua."

"Ungemsalimia," Verna akasema. "Tangu mwezi wa tisa kifua chake hakijapona."

Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Kisha Lois akainuka, akaenda kuhakikisha mlango wa nyuma umefungwa, na Verna hakumwambia aketi.

Verna aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya pale. Kiti kilibaki kwenye mlango wake. Daktari amesema ni moyo. Paulette anasema ndiyo, ni moyo, ulichoka kusikiliza mlango. Kwenye mazishi Lois alipiga kinanda katika kanisa lisilo lake, kwa ruhusa ya padri. Craig alikuja, akasimama karibu na mlango. Wimbo wa mwisho ulipoanza, hakuwepo tena.

Mwezi wa tano kuna uchaguzi wa mchujo, katika eneobunge hili hili la 38. Lois amejiandikisha kupakata mfuko. Lakini chama cha Verna hakijapata mtu wa kuendesha. Wameulizwa wengi, na kila mmoja ana sababu yake nzuri. Na bila mtu wa pili, kura za kituo chetu haziwezi kutoka ukumbini. Mwishowe ofisi imemwomba Paulette.

Nilimuuliza juzi kama amekubali. Alikuwa akipanga nguo za mama yake kwenye maboksi. Akasema, "Sijawajibu. Simu ikilia, ni ofisi au ni yule anayepumua. Sijui ni nani mpaka niipokee."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunatoa pole kwa Paulette, kwa wajukuu wa Verna, kwa parokia ya Mtakatifu Sirili, na kwa Lois Eberhardt aliyebaki bila mwenzake. Bwana ampokee Verna mahali pasipohitaji kiti nyuma ya mlango. Na sisi tuliobaki tujiulize leo, kila mtu kwa nafsi yake: ofisi ingepiga kwangu, ningesema nini? Usijibu haraka. Mimi pia bado ninajiuliza.

Sasa tunyamaze kidogo, tumwombee Paulette. Katika nyumba ile, muda huu tunaozungumza, huenda simu inalia.