Pale Rangi Inakataa

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, waheshimiwa wajumbe wa kamati, ndugu msimamizi wa majengo na wakuu wengine wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na zaidi ya wote wewe, Mama Brashi, fundi wetu wa rangi, uliyependeza leo hata mlinzi wa getini akakuuliza umekuja kumwona mgonjwa gani: habari za mchana.

Nilipoombwa nimuage mama huyu anayestaafu leo, kwa niaba yenu, nilivimba kichwa. Nikajiambia, hatimaye wameutambua ufasaha wangu. Katibu wa sherehe akanitoa upepo: wenzangu wote aliowafuata walikuwa wameshakataa.

Wengi mnanijua kama Bwana Mifupa wa chumba cha eksirei. Wachache, wale niliowabana kwenye foleni ya chai nikawaonyesha simu yangu, mnaujua na ugonjwa wangu mwingine. Napiga picha za ndege. Hilo peke yake lingesameheka. Lakini nikishampata ndege, natafuta ukuta uliobambuka rangi, au bati lenye kutu, nalo nalipiga picha, kisha kwenye kompyuta nailaza picha moja juu ya nyingine na kuifanya ile ya juu iwe nyepesi, ya chini ionekane, mpaka ndege aonekane kama amezaliwa ndani ya ukuta. Kazini nawavua watu ngozi nione mifupa. Nyumbani nawavika ndege ngozi za kuta. Nani ataniita mzima? Mke wangu, aliyekaa pale akijifanya hanijui, husema wenzake wana waume walevi na angalau wanajua pa kuwatafuta. Yeye wa kwake hukutwa nyuma ya choo cha jirani, amepiga magoti, anapiga picha kutu. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Sasa mfikirieni mtu kama huyo anafanya kazi jengo moja na Mama Brashi! Mvua ikipita, ukuta wa chumba cha kufulia unavimba, unapasuka, unabambuka, kijani juu ya rangi ya maziwa, nami nakimbilia kamera kwa furaha. Nikirudi, namkuta juu ya ngazi na chuma chake cha kukwangulia. "Bwana Mifupa, sogea, usije ukamwagikiwa." Ninyi mlikuwa mkisema hospitali inapendeza. Mimi nilikuwa naomboleza.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, utakumbuka uliniruhusu kutundika picha zangu kwenye korido ya kliniki ya watoto. Nilizichapisha kwenye kitambaa kigumu, bila fremu, maana nilisikia wasanii wakubwa hawapendi fremu. Iliyo bora kuliko zote ilikuwa ya chiriku niliyemvika ukuta wa kufulia. Jumatatu nikamleta shemeji yangu nimringie. Chiriku hayupo. Pale alipokuwa pana mraba mweupe pe, unanukia rangi mbichi. Nikamwendea Mama Brashi nimefura kama hamira.

"Kumbe ilikuwa picha?" akasema. "Mimi nilidhani unyevu umepenya."

"Na ndege je, hukumwona?"

"Nilimwona, mwanangu. Ndiyo maana nikapaka mara mbili."

Ndugu zangu, wako walionisifu kwa adabu, wakasema picha zangu "zina mambo mengi". Ni huyu peke yake aliyetoa maoni yake kwa brashi.

Baadaye alikuja chumbani kwangu, akafuta mikono kwenye ovaroli, akataka kuona hasa nafanya nini. Nikamfungulia kompyuta. Akatazama weee, kisha akauliza, "Huyu ndege ana ugonjwa gani?" Nikamwambia hana, amevaa ukuta. "Ukuta wa nani?" Wako, mama, kabla hujaupaka. Akaguna, akaenda zake. Nikajua nimezidi kujiharibia jina.

Ikafika zamu ya upande wetu kupakwa. Alipomaliza, nilifunga mlango wa chumba changu, na nyuma yake nikaona kipande cha ukuta wa zamani, ukubwa wa sinia, kimeachwa na mabaka yake yote. Rangi mpya ilikuwa imepita kandokando, kingo nne zimenyooka kama za dirisha. Kila alipopaka tena, alikiruka tena.

Siku moja msimamizi wa majengo akakiona, akamuuliza mbele yangu kwa nini pameachwa. Mama Brashi, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna ukuta uliomshinda, akainamisha kichwa. "Pale rangi inakataa," akasema. Nami, mwenye mdomo mrefu hivi, nilinyamaza.

Wiki ijayo kampuni inakuja kupaka jengo zima. Nilikuwa nimejiandaa kuomba hapa kile kipande kiachwe. Lakini leo nilipomdokezea mama tukiingia hapa, amenishika mkono pale mlangoni. "Waache wapake. Kila anayekiona anasema kilinishinda. Nistaafu na aibu ya kijipande cha ukuta?"

Basi siombi kitu. Ndugu msimamizi, nakuona umekaa hapo mbele: rangi haikukataa! Hakuna ukuta hospitali hii uliomshinda mwanamke huyu. Aliyekataa ni yeye, kwa ajili ya mchezo wangu wa kitoto, na akabeba lawama asizostahili. Kipakeni, muone rangi itakavyoshika.

Mama, hebu funua hicho kitambaa kilichofunika zawadi yako. Ni chiriku yuleyule, na safari hii amevaa kipande chako cha nyuma ya mlango... Wenzangu wa nyuma hamkusikia? Mama anauliza huyu ndege ana ugonjwa gani.

Hana, mama. Mzima kabisa. Mtundike sebuleni, na mkono ukikuwasha, paka kuta zako zote. Ukimfikia yeye, mruke, kama ulivyokiruka kile kipande kwa ajili yangu.

Asanteni kwa kunivumilia, na asanteni kwa kunisikiliza.