Kipande Kilichopanda Ndege

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa mradi, uliyekuja kutukatia utepe wa friji,

Sisi ndugu tunaouguza wagonjwa wa saratani ya umio tunakukaribisha. Tumefurahi kuona korido imepakwa rangi. Kumbe rangi ilikuwepo, ilimsubiri mwenyewe.

HISTORIA
Utafiti wa mradi huu ulipoanza, wagonjwa wetu waliingizwa kamera kooni, wakakatwa kipande kidogo. Tuliuliza kinatafutwa nini. Profesa wa utafiti akatueleza kwa upole: ni RNA ndefu, molekuli za ndani ya seli; hazitengenezi protini, lakini ndizo zinazoamrisha seli zipi zikue na zipi zitulie. Nyingine zikizidi, saratani inasambaa.

Mama Cherehani, fundi nguo wa kitanda cha dirishani, akacheka. "Nazijua hizo, mwanangu. Mama mkwe wangu hajawahi kutia uzi kwenye sindano, lakini kila nguo nilishona atakavyo yeye."

MAFANIKIO
Kipande cha Mama Cherehani kimepanda ndege kwenda maabara ya ng'ambo. Mwenye koo hajapanda hata lifti, ni mbovu. Vipande vingine vitalala kwenye friji lenye jenereta lake. Umeme ukikatika, havitajua. Wagonjwa tunawapepea kwa maboksi ya dawa.

CHANGAMOTO
Mama Cherehani alianza kukwamwa na chakula, ukafuata uji, sasa hata mate anayatema kwenye kikombe. Kuna kijibomba cha kuwekwa kooni ili chakula kipite, na huwekwa kwa kamera ileile. Tulipokiomba, tukajibiwa kamera ni ya mradi, na bomba halimo kwenye mradi. Ila wiki ijayo anaitwa tena, akatwe kipande cha pili.

"Njia ya kukata ipo, ya uji haipo," alisema. "Nikifa njaa, hiyo RNA itamwamrisha nani?"

MAOMBI
Hatuombi friji la pili. Tunaomba siku hiyo, kamera ikiwa imeshaingia, daktari aweke na bomba. Daktari mwenyewe yuko tayari, anangoja ruhusa yako tu.

Mbele yako pana chupa ya maji. Mama Cherehani ni yule wa mstari wa mbele, mwenye kitambaa mdomoni. Tafadhali kunywa, usione haya. Yeye mwenyewe katutuma tukwambie: amesahau kumeza kulivyo, angependa kutazama.

Mungu akubariki, na neno "ndiyo" lisikukwame kooni.

Ni sisi,
Ndugu wa Wodi ya Umio.