Kiapo cha Somo Nimekivunja

Badru, mwanangu niliyekulea, zima redio usogee. Mama Saumu, usitoke, na Saumu mwenyewe asitumwe jikoni, maana nitakayoyasema leo wanaume hawaambiwi, nami nimechoka kuyabeba.

Nisikilizeni pumzi ingalipo. Kinachonimaliza ni moyo, lakini kilichonifunga maisha yangu yote ni tumbo. Tangu nivunje ungo, kila mwezi maumivu yalinilaza sakafuni nimeng'ata leso, na somo yangu, kungwi aliyenifunda, Mungu amrehemu, akaniambia ninyamaze, nikiolewa yatapoa. Nikaolewa na Mbarak. Hayakupoa. Kitandani niliumia, chooni niliumia, mimba haikuja, na mwaka wa sita akanirudisha hapa Kaloleni na sanduku langu, akisema ameoa hospitali. Nimemsamehe. Lakini jeneza langu asiliguse.

Mwaka wa themanini na sita ndipo Daktari Shitanda aliponipasua akaona. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi ilikuwa imeota nje, imenata kwenye mirija na matumbo, na kila mwezi nayo inavuja damu, damu isiyo na pa kutokea. Nililia, Badru, si kwa uchungu, nililia kwa kuwa yule daktari, mwanamke mwenzangu, alinisadiki.

Na nilipopona kidonda nikafanya nini? Nikarudia kazi yangu ya kuwa somo, nikawafunda mabinti wa mtaa huu kunyamaza vilevile nilivyofundwa mimi, kwa kuwa heshima yangu yote ilikuwa hapo. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilifundisha kuficha.

Mwaka jana bintiyo Saumu alinijia amekunjamana, akasema, "Nyanya, nakufa." Nikampeleka kwa daktari yuleyule kwa siri, tukaapa mimi na yeye kwamba jambo hilo halitatoka. Ugonjwa ni uleule wangu, akapewa vidonge. Ndiyo, ni vile vya kupanga uzazi, usinikodolee macho! Kwa ugonjwa huu vinatuliza damu ile. Haviung'oi, vinautuliza, na visipotosha kuna operesheni.

Wewe, Badru, ukavikuta chini ya godoro, ukavitupa chooni, ukampiga kwa mshipi ukimwuliza jina la mwanamume. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia hili. Nilisikia kila pigo, nikanyamaza, nikiogopa watu watasema Bi Rehma anawagawia watoto wa watu vidonge. Mtoto wa miaka kumi na sita alitunza kiapo, mimi mzee nikatunza jina langu. Aibu hiyo nakufa nayo.

Hakuna mwanamume, Badru. Hajapata kuwepo.

Basi posa ya Saumu uliyoipokea kwa wale watu wa Port Victoria irudishe kesho. Ndoa si dawa, mimi nimeijaribu. Siku akitaka mwenyewe kuolewa, na aolewe, na mume aambiwe mapema. Mama Saumu, usimwambie tena mwanao kwamba anadeka. Cherehani yangu ni yake, asiiguse mwingine. Na Jumatatu, Badru, wewe mwenyewe utampeleka kwa Shitanda, utakaa kwenye benchi pamoja na wanawake, na ukiulizwa mgonjwa ana nini, utasema.

Maji... kidogo tu. Basi.

Saumu, mama, njoo nikushike. Mungu akufungulie nilikofungiwa mimi. Akupe... akupe wa kukusadiki.

Badru, usiinamishe kichwa. Sema utampeleka. Sema kwa sauti, baba, macho yanaondoka lakini... nasikia bado. Sema.