Maua Sita ya Rangel

Ukitaka kujua nani kagombana na mkwewe na nani kaonekana wapi na nani pale Gabrovo, nchini Bulgaria, usihangaike na redio. Nenda kwenye benchi lililo mbele ya jengo la tatu, kando ya mashine ya kahawa inayomeza sarafu na kutoa kikombe ikijisikia. Hapo ndipo wanapokaa Lifti na Wakili. Lifti, ambaye jina lake la kanisani ni Mincho, na kwa heshima ya umri huitwa bai Mincho, alitengeneza lifti za mji mzima mpaka akastaafu, na ya jengo lake mwenyewe imekufa tangu enzi hizo. Wakili hakusomea sheria hata siku moja, ila kawashtaki majirani wote, Lifti akiwemo, na kahawa bado wanakunywa pamoja. Jumapili hiyo ilikuwa ya Matawi, siku ya jina ya kila mtu aliyebatizwa kwa jina la ua. Juu, ghorofa ya tatu, dirisha la Nevena, ambaye jina lake ni la ua la rangi ya machungwa, lilikuwa wazi, wageni wanacheka, harufu ya samaki wa kuoka inashuka mpaka puani mwa watu. Ndipo Rangel wa jengo hilohilo akatokea, kanyoa, kavaa koti la harusi ya mwanawe, bahasha kaishika kifuani kwa mikono miwili.

— Ehee, bwana harusi! — Wakili akasema. — Kaa hapa kwanza, tuone ushahidi.

Rangel hakutaka kukaa. Miguu ndiyo iliyotaka. Mwaka jana, siku kama hiyo, alimpelekea Nevena maua saba. Moja likavunjika kwenye mlango wa basi bila yeye kujua, akamkabidhi mwanamke wa watu maua sita! Na Gabrovo nzima inajua kwamba maua yanayogawanyika mawili mawili ni ya kaburini. Aliye hai lazima apate moja la ziada lisilo na mwenzake. Nevena aliyahesabu mbele yake, kwa sauti, kisha akageuka akaenda jikoni. Rangel akaona amekwisha. Akatoka mlangoni kimyakimya, hata kofia akaisahau, akaja moja kwa moja kwenye benchi hili kuomba ushauri.

Tangu siku hiyo hawajasemezana. Yeye mgane, yule mjane, wanapanda ngazi moja, na akisikia viatu vyake vinashuka anajificha nyuma ya masanduku ya barua. Na anampenda, jamani. Anampenda mpaka supu haimshuki.

— Ni kadi, — Rangel akasema. — Nimeikata mwenyewe, majira yote ya baridi.

Mikono yake ilikuwa imekata ngozi za viatu maisha yake yote, kwa hiyo karatasi kwake ilikuwa mchezo. Alipoifungua ile kadi, maua ya rangi ya machungwa yaliinuka kutoka kwenye mkunjo yakasimama wima, vikonyo na majani na kila kitu. Chini yake kulikuwa na kiulimi cha karatasi. Ukikivuta, mlango mdogo unafunguka, na kijimtu chenye kofia kinaingia ndani.

— Loh! — Lifti akasimama. — Hii si kadi, bwana, hii ni mashine! Hebu vuta tena.

Rangel akavuta tena. Kijimtu kikaingia. Alijisikia kijana.

— Rangel, — Wakili akasema polepole. — Upande huu maua mangapi?

— Matatu.

— Na upande huu?

— Ma...

Lifti akayahesabu kwa kidole: matatu mengine. Mashine ya kahawa ikakoma kunguruma.

— Mungu wangu, — Rangel akasema.

Majira yote ya baridi alikuwa amewaza gundi, amewaza petali, amewaza jinsi kila ua la kushoto litakavyovutana na mwenzake wa kulia ili yasimame pamoja kadi ikifunguliwa. Kuhesabu hakuhesabu. Karatasi ukiikunja katikati inazaa mapacha, na mapacha hawana wa ziada.

— Usiogope, — Lifti akasema. — Tunakata moja. Nina kisu.

— Ukilikata na mwenzake analala, bai Mincho! Yatabaki manne!

— Manne ni marehemu aliyesahauliwa, — Wakili akasema.

— Basi ongeza moja katikati.

— Katikati ndipo kwenye mkunjo, — Rangel akasema. Kadi haitafunga.

— Isifunge! Nani kasema kadi lazima ifungwe? Mlango wangu wa choo haufungi na maisha yanaenda.

— Nyie hamjui sheria, — Wakili akakohoa. — Mila inahusu maua ya kwenye maji. Haya ni karatasi. Karatasi ni hati. Ushawahi kuona hati inapelekwa makaburini?

— Cheti cha kifo, — Lifti akajibu.

— Nyamaza wewe, hujaulizwa! Rangel, mfungulie nusu tu. Aone matatu ya kulia. Mwambie kuna upepo, afumbe jicho la kushoto.

— Ndani ya nyumba kuna upepo gani? — Rangel akauliza.

— Basi tuzime umeme wa jengo zima!

— Saa hizi mchana, Wakili. Jua linawaka.

— Tumpitishe Nevena kwenye lifti, — Lifti akasema, macho yanamng'aa. — Mle ndani giza tupu. Umpe kadi mle, aipapase kwa vidole.

— Lifti yako haiendi!

— Ndiyo uzuri wake. Hatakimbia.

Wakili akamwinamia Rangel kama daktari mwenye habari mbaya.

— Sikiliza, usikasirike kabla sijamaliza. Imebaki njia moja. Ufe.

— Nini?

— Siyo kabisa kabisa! Anafungua mlango, wewe unaanguka chali, kadi iko kifuani. Maua sita, marehemu mmoja, kila kitu halali. Atalia. Akishalia, unafufuka.

Rangel aliwageukia hawa wawili.

— Nyie ndio mlioniambia nisirudi! Mwaka jana! Nilikuja hapa kichwa wazi, mkaniambia kaenda jikoni kuchukua ufagio!

— Hilo la ufagio halina mjadala, — Wakili akasema. — Mwanamke aliyetukanwa anafuata nini kingine jikoni?

Rangel akaifunga kadi akaelekea kwenye pipa la taka. Ndipo mlango wa jengo ulipofunguka, akatoka Nevena, aproni kiunoni, na mkononi kofia ya kiume. Rangel aliyatafuta masanduku ya barua, lakini yako ndani.

— Samaki anapoa, — Nevena akasema, — na mimi ndiye nashuka ngazi kufuata watu. Siku ya jina watu huja wenyewe, inaalikwa tangu lini? Na hiyo nini?

Akaichukua, akaifungua. Maua yakainuka.

— Moja, — akaanza, kwa sauti ileile ya mwaka jana. — Mawili. Matatu. Manne. Matano.

Rangel akafumba macho.

— Sita.

Lifti alijisogeza mwisho wa benchi. Nevena akakiona kiulimi, akakivuta. Kijimtu kikaingia. Akakisukuma. Kikatoka. Akavuta, akasukuma.

— Huyu naye ni wa kukimbia?

— Ukivuta anaingia, — Rangel akanong'ona. — Ukisukuma...

— Sikukusukuma mimi. Niliingia jikoni kuchukua mkasi. Nikate moja nijipachike kifuani, yabaki matano, tukae tule. Narudi na mkasi wangu, mlango wazi, mtu hayupo, kofia inaning'inia kwenye msumari. Mwaka mzima naifuta vumbi. Ulikwenda wapi, Rangel?

Swali lenyewe ndilo hilo. Rangel akamtazama Wakili. Wakili akachungulia ndani ya kikombe chake. Lifti akageukia mashine ya kahawa, akabonyeza kitufe, na mashine ikawasha taa nyekundu: imekwisha. Jibu lilikuwa benchi lenyewe, walilolikalia wote watatu mwaka jana.

Nevena hakungoja. Alishika ua moja kichwani kwa vidole viwili, akalinyofoa, akakiacha kikonyo mahali pake. Hakuna kilichoanguka. Akalichomeka kwenye tundu la kifungo cha blauzi.

— Matano, — akasema. Kisha akamvisha Rangel kofia, upandeupande. — Panda ngazi.

Rangel akapanda, na safari hii alitangulia yeye, Nevena nyuma yake, asije akapata wazo la kukimbia.

— Kikonyo! — Lifti akajipiga paji la uso. — Kaacha kikonyo! Kinaendelea kumvuta mwenzake!

— Achana na kikonyo, — Wakili akasema, anajifuta kiatu kwenye soksi. — Umesikia alivyotamka? Siku ya jina haialikwi. Sheria iko upande wetu, na samaki yuko juu. Twende.

Viatu vyote vinne vilifutwa, na kabla hawajafika mlangoni, kichwa cha Nevena kikatokea dirishani.

— Nyie wawili! Mkikanyaga ngazi yangu leo, ufagio uko hapa nyuma ya mlango!

Wakili akasimama, akageuka, uso mzima umejaa furaha.

— Si nilisema? — akamwambia Lifti. — Si nilisema kuna ufagio?