Mama Uzi, na Sanduku Ambalo Bado Limefungwa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza shangazi yetu, ahsanteni. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu ndimi niliyekaa naye sana siku za mwisho. Baba mkubwa aliniambia niandike kwa upole, msibani si mahali pa kulalamika. Nimejaribu. Pale upole uliponishinda mtanisamehe, maana marehemu mwenyewe alinionya akiwa kitandani: "Usije ukasimama pale ukasema nilikuwa mvumilivu. Sikuwa mvumilivu. Nilichoka kuuliza."

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Agosti 1959, mtoto wa nne kati ya sita, na wa kike peke yake. Baba yake alikuwa seremala, mama yake alishona nguo nyumbani. Kwa hiyo alikulia katikati ya maranda na vipande vya nyuzi, na vitu hivyo viwili vilimfuata maisha yake yote. Kwa baba yake alijifunza kabari. Ubao ukiubana msumeno, mzee alikuwa akisema, usiupige wala usiutukane, uchomekee kabari, utaachia wenyewe. Binti alielewa haraka kuliko ilivyotakiwa. Siku moja mchana, akiwa na miaka sita, alichomeka kabari chini ya mlango chakula kikiwa mezani, akawafungia kaka zake wote watano nje mpaka kila mmoja aseme "tafadhali". Baba mkubwa ndiye alikuwa wa mwisho kusema. Wanaomfahamu wanasema hajalirudia neno hilo tangu siku ile.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, na sekondari kuanzia 1974 hadi 1977. Alimaliza. Nalitaja hilo kwa sababu mpaka mwezi uliopita alikuwa bado ananitajia mimi. Mwaka 1979 alichaguliwa kusomea utabibu wa meno, miaka mitatu. Chuoni ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza ile pete.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana nusu ya maisha yake ipo hapa. Jino likitoboka ubavuni, pale linapogusana na mwenzake, kuliziba si kazi ndogo. Tabibu anazungushia jino utepe mwembamba wa chuma ili dawa isimwagike, halafu anaziba. Sasa ule utepe una unene wake. Akiutoa, panabaki upenyo. Mdogo, macho hayauoni, lakini nyama inauona. Kila ukila, nyuzi za nyama zinajichomeka pale, fizi inaoza, na baada ya mwaka jino lililozibwa linang'olewa. Dawa yake ni kuyasogeza meno mawili kidogo, unywele tu, wakati wa kuziba. Kabari ndogo ya mti inasaidia. Lakini kinachofanya kazi hasa ni pete ya springi yenye miguu miwili: inakaa katikati ya meno, inayasukuma taratibu, ikitolewa meno yanarudi mahali pake na upenyo unajifunga. Basi. Ni kitu cha kushika kwa vidole viwili.

Chuoni kwao pete ilikuwa moja. Ilikaa kwenye kabati la kioo, ufunguo kwa mwalimu mkuu, ikitolewa siku ya mtihani tu. Shangazi aliishika dakika nane katika miaka mitatu. Alisema, "Walitufundisha kuiheshimu. Kuitumia hawakutufundisha."

Alianza kazi Jumatatu tarehe 4 Januari 1982 katika kliniki ya meno ambako alikaa hadi kustaafu, miaka thelathini na saba, chumba kile kile cha pili kushoto, dirisha likitazama matangi ya maji. Pete hakukuta. Alikuta utepe, na kabari ambazo zikiisha haziletwi. Akawa anazichonga mwenyewe kwa mbao alizoomba kwa baba yake, anazichemsha, anazipanga kwenye kopo. Na akajiwekea sheria yake. Akishaziba, anachukua uzi, anaupitisha katikati ya meno mawili. Ukipita kimyakimya, kuna upenyo, kazi ni mbovu. Ukikwama kidogo halafu ukapita kwa mlio, tak, hapo alikuwa anasema uzi umeitika. Usipoitika, anabomoa, anaanza upya. Mgonjwa alie, foleni inung'unike, daktari agonge mlango, yeye anabomoa. Ndiyo maana watu walimwita Mama Uzi, wengine kwa mapenzi, wengine wakiwa kwenye benchi tangu asubuhi.

Mmoja wa waliobomolewa alikuwa fundi saa kijana. Alizibwa, akaitwa tena, akazibwa, akaitwa mara ya tatu. Mara ya tatu alikaa kwenye kiti akauliza, "Dada, una hakika jino hili ni langu? Naona wewe unalitumia kuliko mimi."

"Uzi haujaitika."

"Na usipoitika leo?"

"Utarudi Alhamisi."

"Basi Mungu asaidie usiitike."

Uliitika siku ile ile. Alhamisi alirudi hivyo hivyo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1986, na mpaka leo shemeji zake wanamtania kwamba yeye ndiye mgonjwa pekee aliyeumwa jino likiwa zima.

Ndoa yao ilijaliwa watoto wawili, na pete. Maana fundi saa alipoelezwa shida ya kliniki alisema, "Springi? Springi ndiyo kazi yangu." Ya kwanza aliikata kwenye springi ya saa ya ukutani. Hilo lilikuwa kosa. Siku ya kuijaribu, mwanzoni mwa 1988, kwenye kiti alikaa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu wa tai na vitabu kwapani. Shangazi alipoiachia, pete iliruka kutoka mdomoni mwa mwalimu mkuu, ikagonga taa, ikapotea. Wakaitafuta chini ya kiti, kwenye ndoo, kwenye dirisha. Haikuonekana. Baada ya siku tatu mwalimu mkuu alirudi akiwa na karatasi iliyokunjwa vizuri. "Mama, hii nimeikuta kwenye mfuko wa koti. Nadhani ni mali ya serikali."

"Hapana, mwalimu," shangazi akamjibu, "ni mali ya mume wangu, na nitampelekea sasa hivi."

Mume alijifunza. Akaacha springi za saa, ambazo pia zilishika kutu zikichemshwa, akatumia waya mgumu wa kunyooshea meno, mabaki yaliyokuwa yanatupwa. Alizitengeneza nne, mbili kubwa, mbili ndogo. Kila mwaka zilipolegea alizikaza upya mezani kwake kati ya saa za watu. Kwa pete hizo nne shangazi aliziba meno kwa miaka ishirini. Wengine mliokaa hapa mnatafunia kazi hiyo mpaka leo.

Mwaka 2008 alikuja mkaguzi. Alizikuta kwenye trei, akainua moja kwa koleo kama vile ameshika mende. "Hii imetoka kiwanda gani?"

"Mezani kwa mume wangu."

"Mama, kifaa kisicho na cheti hakiingii mdomoni mwa mtu."

Akaandika ziondolewe, zikaondolewa siku ile. Tuliokuwa tunasikia habari hiyo nyumbani tulitegemea amtukane. Hakumtukana. Alisema, "Ana haki. Angekuwa fundi mwingine ningesema hivyo hivyo. Basi na alete zenye cheti."

Hapo ndipo ilipoanza kazi yake ya pili, ambayo hakulipwa wala hakupumzishwa. Kila Januari alijaza fomu ya kuomba seti moja ya pete za kutenganisha meno. Seti moja. Mwaka wa kwanza alijibiwa fomu imepotea. Mwaka wa pili, ameandika kwa wino usiotakiwa. Mwaka wa nne mtunza stoo alimwita akamuuliza kwa nia njema kabisa, "Lakini mama, kwani meno si yametengana tayari? Mbona watu wanazibwa miaka yote bila hicho kidude?"

"Na miaka yote wanang'olewa, mwanangu," akamjibu. "Nimewahi kukuletea fomu ya kuomba koleo la kung'olea nikakosa?"

Mtunza stoo alirudi kwenye daftari lake. Pete hazikuwemo. Shangazi alijaza fomu hizo mara kumi na moja, kuanzia 2009 hadi Januari 2019. Nakala zote alizitunza, amezibana kwa kamba ya viatu. Kwa miaka hiyo kumi na moja alirudi kwenye kabari zake za mti, akawa anaomba mbao kwa mafundi wengine kwa sababu baba yake alishafariki, na kwa maneno yake, uzi ulikuwa unaitika mara mbili kati ya tatu. Ile mara ya tatu ndiyo ilikuwa inamkosesha amani. Alikuwa anazitaja sura zao akiwa anaosha vyombo. Yule dereva. Yule binti wa duka la vitabu. Yule mama wa mapacha. Wote jino moja moja, wote lingepona.

Alistaafu Agosti 2019. Walimpa saa ya ukutani. Mumewe aliifungua, akaitazama ndani, akasema springi yake nzuri, na wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kuchoka akipanda ngazi tatu za baraza. Miguu ikavimba. Februari mwaka huu aliambiwa moyo umetanuka. Daktari alieleza vizuri, kwa picha. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe umetanuka bila kabari." Daktari hakuelewa. Sisi tulielewa.

Sasa nafika pale baba mkubwa aliponiomba nipite haraka. Siwezi.

Tarehe 6 Mei 2024 yule tabibu kijana aliyerithi chumba chake alimpigia simu wodini. Niliweka sauti ya nje, kwa hiyo nilisikia mwenyewe. "Mama, zimekuja! Sanduku zima, pete za kila saizi na koleo lake!"

Shangazi alijaribu kuinuka. "Umezijaribu? Uzi umesemaje?"

Kijana akapunguza sauti. "Bado, mama. Limefungiwa ofisini. Wanasubiri mgeni rasmi aje alikabidhi."

"Anakuja lini?"

"Wanasema ratiba yake imebana."

Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena habari za dawa zake. Mtu akiingia na matunda, akiingia na maua, swali lilikuwa moja: "Wamefungua?" Mimi nilikwenda ofisini pale mara nne. Nililiona kwa macho yangu, juu ya kabati la mafaili, gundi yake haijaguswa, pembeni limeegemezewa feni. Niliambiwa nirudi. Mara ya tano niliambiwa na mlinzi nisirudi. Nilimdanganya shangazi mara moja tu, nikasema limefunguliwa. Akaniuliza, "Miguu ya pete ina mpira au haina?" Nikashika chungwa nikaanza kumenya. Akageukia ukutani. Hilo ndilo naomba mnisamehe wote, kwa sababu yeye alishanisamehe.

Aliaga dunia Alhamisi tarehe 20 Juni 2024, saa nne na robo asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Leo ni siku ya arobaini na tisa sanduku lile limekaa juu ya kabati. Tabibu kijana ameniambia kwamba katika siku hizo ameng'oa meno tisa ambayo angeweza kuyaokoa. Ameyaandika. Tabia hiyo tunajua ameitoa wapi.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume na wa kike, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka wawili walio hai, wapwa na watoto wa kaka ambao sote alitukagua midomo kabla ya kutusalimia. Ameacha kopo la kabari arobaini na mbili alizochonga baada ya kustaafu, kama zingehitajika. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi, majirani, na wafanyakazi wenzake wote. Inamshukuru mkuu wa kliniki, aliyetuahidi kuwa nasi leo na kutoa usafiri.

Mkuu, kwa heshima yote, hatuna ombi lingine. Kama sanduku lile linasubiri mgeni rasmi, mgeni rasmi alikuwa pale pale, chumba cha pili kushoto, miaka thelathini na saba, amevaa koti jeupe. Ndiye huyu tunayemzika. Hatakuja mwingine anayelifahamu kuliko yeye. Kesho saa mbili asubuhi kuna watu kwenye benchi. Tunaomba lifunguliwe kwa mkasi tu, bila hotuba.

Shangazi yetu alale sasa, amechoka. Uzi ukiitika, tutakuja kumwambia.