Mwalimu Tena na Sauti Tusiyoisikia

Ndugu waombolezaji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, mimi niliyemfuata kuzaliwa, ingawa wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Tena. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyo aliimba kabla ya kutembea.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, akaingia kwaya akiwa darasa la nne, na huko, katika mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano, mwalimu wa kwaya alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe," naye akatii, kwaya ikashinda, na nyumbani tukampongeza bila kujua. Jambo hilo alimweleza mkewe tu, naye ametueleza juzi.

Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1981, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha muziki katika chumba kilichopakana na stoo ya viti, akakaa humo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Mtoto akitoka nje ya wimbo, hakumkatiza wala hakuruhusu achekwe, alitembeza vidole kwenye kinanda mpaka akaipata sauti aliyokuwa nayo mtoto, akauanzisha wimbo upya kutoka hapo, darasa zima likamfuata yule aliyepotea, kisha akasema, "Tena, mwanangu, tuko na wewe." Lakini yeye mwenyewe hakuimba kamwe, nasi tukadhani ni heshima ya kiualimu.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986 na shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, wote wenye sauti za debe kama mimi, baba yao mdogo, na wote wanaimba jikoni bila haya, kwa kuwa hawakuwahi kuambiwa wanyamaze.

Tarehe 20 Februari 2022 alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya maneno. Mtaalamu alitueleza kwamba wagonjwa wengine hurudisha maneno kwa kuimba, basi tukamzunguka kitandani tukaimba, naye akafungua mdomo, sauti isitoke, na mpaka leo hatujui kama aliyemzuia ni ugonjwa au ni yule mwalimu wa kwaya. Mganga hajigangi, ila sisi tulikuwepo na dawa yake tuliijua, kumbe kila mmoja aliimba kwa sauti yake akimsubiri atufuate, hakuna aliyenyamaza amsikilize yeye yuko wapi. Hilo linatuuma sana. Alfajiri moja mkewe alimsikia akivumisha wimbo puani, chini kwa chini, akakimbia kutuita, tulipofika amenyamaza, na Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotufungulia nyumba zao, na walimu wenzake ambao hawakukosa zamu hata moja ya kumtazama. Wimbo wa kumsindikiza nitauanza mimi, ambaye nikiimba kuku hukimbia, na mwanafunzi wake aliyeketi kwenye kinanda atanitafuta nilipo, nanyi mnifuate hapohapo, hasa wewe uliyewahi kuambiwa usitoe sauti.

Pumzika kwa amani, kaka. Tena, tuko na wewe.